Marahaba ya Mzee Akonaay

Watu wa Katesh wana midomo. Tangu Marieta afunge steshenari yake iliyopakana na duka langu, nimeshaambiwa mambo ambayo hata yeye mwenyewe hayajui. Kwamba amekimbiwa na mume. Kwamba kompyuta zake ziliingiwa na pepo. Kwamba alimmaliza baba yake kwa mtandao ili arithi shamba la vitunguu saumu kule Bashay, Mbulu. Hilo la mwisho aliniambia mteja aliyekuwa ameshika kitenge changu mkononi, na nilimnyang'anya nikamwambia akanunue kwingine. Mume wa Marieta ni dereva wa lori, haonekani kwa sababu yuko barabarani. Pepo sijaliona. Ila hilo la baba ndilo lililonikalisha chini niandike, kwa kuwa nilikuwepo, na ukweli wake unauma kuliko uongo wao. Marieta mwenyewe ameniruhusu. Alisema, "Andika, Mama Idrisa, labda watanyamaza." Hawatanyamaza, nawajua, lakini naandika.

Mimi ni Saumu, nauza vitenge. Ukuta kati ya duka langu na lake ulikuwa wa mbao. Ukipiga chafya huku, unaitikiwa kule. Marieta ni Mwiraqw wa Bashay, binti pekee wa Mzee Akonaay. Alisomea kompyuta Arusha, akaajiriwa na watu wa kufunga intaneti, akawa anapanda minara sambamba na wanaume, kisha akachoka na mji akarudi Katesh kufungua chumba cha kutoa kopi, kupiga picha za pasipoti na kufufua simu zilizotumbukia chooni. Ni mrefu, mwembamba, mbishi, na maneno yake ni machache. Ukimuuliza swali la kijinga anakutazama mpaka unajijibu mwenyewe. Kazi ya kupiga domo kwa niaba yetu sote wawili ilikuwa yangu.

Kilichomnyima usingizi kilikuwa kimoja tu: baba yake alikuwa akiishi peke yake. Mama yao alifariki zamani, na mzee aligoma kuhama. Maximilian, kifungua mimba, ana nyumba kubwa Arusha, lakini mzee alipolala humo mara moja tu alisema usiku kucha hakusikia mtu akikohoa, akadai arudishwe kwake. Gerald, kitinda mimba, anafundisha Dodoma. Aliyekuwa karibu ni Herman, wa pili kuzaliwa, fundi wa kuchomelea pale Jorodom, chini ya mlima. Huyo ndiye aliyekuwa akiwasha pikipiki kila Jumapili kwenda Bashay kumwona mzee, na wengine walitulia kwa sababu yake.

Mnajua kilichotokea Jorodom Desemba ile, mlima ulipoteremka na matope na mawe na miti. Herman alikuwa mmoja wa waliofukiwa. Na kabla Marieta hajapata nguvu ya kupiga simu Bashay, mtu mmoja, tena wa ukoo wao wenyewe, alishapiga picha. Hakupiga nyumba, alipiga maiti ya Herman. Akaitupa kwenye kundi la WhatsApp la ukoo, chini yake kaandika "tumwombee". Mzee Akonaay alikuwa na simu ya kupangusa aliyonunuliwa na Maximilian, na kwa kuwa macho yake yalishaanza mtoto wa jicho, alikuwa na kawaida ya kukuza kila picha kwa vidole mpaka ijae kioo. Akaikuza na hiyo. Alimtambua mwanawe kwa shati. Jirani yake, Mama Gaudensia, alimkuta amekaa nje mvua inamnyeshea, simu iko kwenye matope, na mzee hakutamka neno mpaka mazishi yalipokwisha. Huyo aliyetuma picha namfahamu, na mpaka leo nikikutana naye sokoni nampa kisogo.

Hapo ndipo Marieta alipoapa. "Baba hatapokea picha tena kutoka kwa mtu yeyote," aliniambia. "Nitamjengea mahali penye maandishi tu, pa sisi tu, ambapo mtu akitaka kutuma picha hana pa kuituma."

Mimi kwenye kompyuta ni mbumbumbu, kwa hiyo nitaeleza nilivyoelezwa. Kuna seva, ambayo ni kama chumba cha maongezi. Kuna app, ambayo ni mlango wa kila mmoja kuingilia. Programu zenyewe hakuzibuni yeye. Alizikuta mtandaoni, zimetengenezwa na watu wasiomjua, wakaziacha wazi ili yeyote azichukue, azisome na kuzibadili apendavyo. Wanaziita programu huria. Alichagua za namna ya kizamani, nyepesi sana, zinazopita hata pale ambapo mtandao ni wa kuombea. Kwanza aliweka seva kwenye kompyuta ya dukani, ile ya kutolea kopi. Ikafanya kazi vizuri humo humo dukani, nje ikagoma. Akaniambia mtandao wa simu hauruhusu kompyuta ya Katesh ifikiwe na mtu aliye nje. Alihangaika nayo, akawa anaongea peke yake, wateja wanasimama na vyeti vyao mkononi hawahudumiwi. Mwishowe akakodi kijisehemu kwenye kompyuta iliyoko Ulaya, akahamishia chumba chake huko.

"Yaani salamu itoke Bashay ije Katesh kwa kupitia Ulaya?" nilimuuliza.

Akacheka. Hakuwa amecheka tangu Desemba.

Kwenye app aling'oa kila kitu kilichoweza kung'oka. Zilibaki herufi kubwa nyeusi juu ya weupe, na sehemu moja ya kuandikia. Chumba akakiita Nyumbani. Humo wakaingia mzee, Maximilian, Gerald na yeye. Aliniingiza na mimi siku za majaribio, na mzee aliponiona akaandika, "karibu kitunguu changu". Ndio utani wake tangu anifahamu, maana kwao saumu ndilo zao la kuwapeleka watoto shule. Nikamjibu, "Shikamoo baba, acha uchokozi."

Simu ya mzee ilikaa dirishani. Ndani ya nyumba ile mtandao ulishika pale tu, kwa hiyo Marieta aliifunga kwa waya kwenye nondo, akaiunganisha na sola ya juu ya bati, ikawa haizimwi wala haiishi chaji. Ikilia inasikika mpaka shambani. Mzee akitaka kuongea na wanawe alisimama pale dirishani akiandika kwa kidole kimoja, na nadhani katika miezi ile baada ya Herman hicho ndicho kilichomrudishia uhai.

Sasa lazima niseme habari ya salamu, kwa sababu hapo ndipo mambo yalipoharibikia. Kwa Mzee Akonaay salamu haikuwa jambo la kupita nalo. Asubuhi watoto wake walimsalimia kwa kufuata kuzaliwa, mdogo hamtangulii mkubwa. Marieta aliniambia walipokuwa wadogo walipanga mstari mlangoni, na Maximilian akichelewa kuamka, wengine walisimama kwenye baridi ile ya Mbulu, meno yanagongana, wakimsubiri. Sheria hiyo mzee aliihamishia kwenye simu. Gerald, ambaye huamka alfajiri, akawa anaandika shikamoo wa kwanza, na mzee anakaa kimya. Gerald akampigia dada yake kulalamika kwamba baba kanuna. Kweli alikuwa amenuna.

Marieta akaweka roboti. Roboti, alinieleza, ni programu inayokaa chumbani kama mtu mwingine, inasoma yanayoandikwa na kujibu kama ilivyofundishwa, ila nyuma yake hakuna mtu. Akaiita Mjumbe. Kazi yake ilikuwa kukusanya salamu za asubuhi na kuzitoa kwa mpangilio: Maximilian kwanza, Marieta, kisha Gerald. Kati ya Maximilian na Marieta aliifundisha Mjumbe isubiri kidogo, kwa ajili ya Herman. Mzee aliliona hilo siku ya kwanza tu. Aliandika, "ahsanteni kwa kumwachia ndugu yenu nafasi yake", na Marieta alifunga duka akaenda nyuma kulia.

"huyu mjumbe ni mtoto wa nani", mzee aliuliza baadaye.

"Ni mashine baba, nimeitengeneza mimi."

"basi ni mjukuu", akaandika.

Maximilian ni mtu wa kulala. Salamu za wote zikawa zinamsubiri yeye kama zamani, mpaka akaomba Mjumbe imsalimie mzee kwa niaba yake akichelewa. Mwezi haukuisha, Gerald naye akaomba hivyo hivyo. Nilimuuliza Marieta salamu ya mashine ni salamu gani. "Baba anafurahi," alisema. "Wewe unaumia wapi?" Na kweli mzee alifurahi.

Lakini kila shikamoo inadai marahaba, na mzee aliitikia mmoja mmoja, kwa kidole kile kimoja na macho yale. Tena alianza na shamba kwanza. Zamu yake ya maji ya mfereji ikiwa asubuhi, marahaba ilifika jua likiwa kichwani. Huku nyuma Maximilian ameshampigia dada yake, roho juu: "Baba hajaitikia, kuna nini?" Akaanza kutuma bodaboda kutoka Dongobesh, mji wa jirani, kwenda kuangalia. Dereva anafika, anamkuta mzee anakula ugali na maziwa ya mgando, mzima kama mimi. Mzee akapiga simu kwa hasira, nikamsikia mpaka upande wangu wa ukuta: "Mnanitumia askari? Nimeiba nini?"

Marieta alikuwa katikati, huku kaka, huku baba, na wateja mbele yake. Siku moja, jioni, akakaa akaandika mistari michache tu kwenye kompyuta yake. Nilikuwa namsubiri tutoke pamoja, nikamwona akiandika. Tangu hapo, salamu zikishatolewa, Mjumbe ilikuwa inaangalia kama simu ya mzee iko hewani, na ikiwa iko hewani inaitikia kwa niaba yake: "Marahaba wanangu. Nimeamka salama." Maneno yalikuwa ya mzee mwenyewe, yale aliyozoea kuandika. Kisha akampigia baba yake akamwambia asijisumbue tena kuitikia, Mjumbe itaitikia.

"Haya," mzee akasema.

Naijua hiyo haya. Wazee wetu wanaitoa pale wanapotaka mtu anyamaze. Kwa sababu kesho yake, baada ya marahaba ya Mjumbe, ilifuata ya kwake, ya kidole kimoja: "marahaba max. marahaba marieta. marahaba gerald." Akaendelea hivyo kila siku ya Mungu. Maneno ya Mjumbe nadhani hakuyasoma. Macho aliyobakiwa nayo aliyatunzia majina ya wanawe. Na shikamoo aliyopewa yeye, nani mwingine wa kuiitikia? Kwamba mashine inaweza kuitikia badala yake, hilo halikumwingia akilini, na simlaumu.

Walioacha kusoma ni wanawe. Marahaba ya kwanza ilishafika alfajiri, ya pili ya nini? Maximilian akatulia, bodaboda wa Dongobesh akapumzika. Gerald akazima mlio wa simu yake. Marieta akaanza kunenepa kidogo, na mimi nilimtania kwamba sasa kitenge changu kitamkaa. Tulikuwa na furaha kipindi kile. Nasema hivyo kwa sababu ni kweli, na kwa sababu inaniudhi.

Ikaja Julai. Mnaijua Julai ya huku, baridi inaingia mpaka kwenye mifupa, na kule Bashay ndiyo zaidi. Asubuhi moja nilikuwa kwake tunakunywa chai, mikono yake imejaa wino wa mashine ya kopi, simu ikaita. Akaipokea kwa kiwiko na kuiweka spika. Alikuwa Mama Gaudensia, anayekaa kilima cha pili, bonde katikati yake na mzee.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Hamjambo huko? Watoto?"

"Hatujambo mama. Nyie je?"

"Sisi tupo. Sikia, leo sijaona moshi kwa mzee."

"Si amenunuliwa jiko la gesi na kaka?"

"Gesi hapikii. Anasema ugali wake una harufu. Mimi goti langu lingekuwa zima ningevuka bonde nikaangalie, sasa goti lenyewe ndiyo hivyo."

Marieta akafuta kidole kwenye gauni, akafungua Nyumbani. Niliona kwa macho yangu: "Marahaba wanangu. Nimeamka salama."

"Mama, baba ametusalimia asubuhi hii," alisema. "Anasema ameamka salama. Labda amewahi zamu ya maji."

"Amesema mwenyewe?"

"Amesema, mama."

"Haya, kama amesema mwenyewe. Nilitaka tu kuuliza."

Wakaagana. Nilikuwa nimekaa mbele yake na nilimwona uso. Hakuwa anadanganya. Alikuwa amesahau. Ile mistari aliiandika yeye kwa mkono wake, na alikuwa ameisahau kabisa, kama mtu anavyosahau kwamba saa ya ukutani ameirekebisha mwenyewe. Alimalizia chai yake akarudi kwenye mashine.

Siku iliyofuata Mama Gaudensia alipiga tena, na safari hii hakungoja shikamoo. Mtu mzima wa kule kuanza kuongea bila salamu si jambo la kawaida, na nilipolisikia kupitia ukuta niliweka mkasi chini.

"Marieta, moshi hakuna. Jana hakuna, leo hakuna."

Nilipoingia kwake alikuwa amesimama, anapandisha maandishi kwa kidole. Marahaba ya Mjumbe ya leo ilikuwepo. Ya jana ilikuwepo. Alikuwa anatafuta ile nyingine, ya herufi ndogo, yenye majina. Ya leo haikuwepo. Ya jana haikuwepo. Juzi mzee alikuwa ameandika, na chini yake akamuuliza Gerald kama Dodoma nako kuna baridi. Gerald alijibu usiku wake na kumuuliza mzee kama anahitaji koti jingine, na swali hilo lilikuwa limekaa pale bila jibu, juu yake na chini yake kuna nimeamka salama, nimeamka salama.

Akaisogeza simu mdomoni. "Mama," alisema, na sauti haikuwa yake, "tuma watu. Sasa hivi. Waangalie shambani, kule chini ya dirisha, kwenye mfereji."

Nilifunga duka langu na lake, tukakodi gari. Tulikuwa bado hatujafika Dongobesh simu ilipoita. Vijana waliotoka kwenye mashine ya kusaga walikuwa wamempata. Alikuwa ameteleza kwenye ukingo wa mfereji alipokwenda kufungua maji, akaporomoka mpaka chini ya tuta, nyonga imevunjika, miguu imo ndani ya tope. Alikuwa hai. Walikuwa wanampeleka hospitali, tuwafuate huko huko.

Nikaanza kumshukuru Mungu kwa sauti. Marieta alikuwa anatazama mbele, vumbi linaingia dirishani na hapandishi kioo. Akasema, "Mama Idrisa, jana alikuwa hai vilevile." Nilimshika mkono, ulikuwa wa baridi, akauacha kwenye mkono wangu kama si wake.

Daktari alitupokea mlangoni. Alikuwa mstaarabu na hakutuzungusha. Alisema nyonga si tatizo kubwa, tatizo ni zile siku kwenye baridi na tope. Mapafu yamejaa na mwili umechoka, na kama kuna watoto wengine waje haraka. Marieta aliwapigia ndugu zake. Maximilian aliondoka Arusha saa ile ile, na Gerald alipanda basi. Niseme mapema kwamba hakuna aliyemkuta hai. Walimkuta amefunikwa shuka, na mpaka leo wanaamini mzee alipoanguka alipoteza fahamu papo hapo, kwa sababu ndivyo dada yao alivyowaambia. Wakisoma hapa wataujua ukweli. Nilimuuliza Marieta kuhusu hilo kabla sijaandika, akasema, "Wajue."

Tuliingia wawili. Walikuwa wamemwosha na kumfunika mablanketi, na juu yake lile shuka lake jekundu ambalo mtu alikumbuka kulichukua. Alikuwa mdogo kuliko nilivyomkumbuka. Marieta alimwinamia, akamwambia neno kwa Kiiraqw. Mzee akafungua macho, akaniona na mimi nimesimama, na akahamia kwenye Kiswahili, kwa heshima ya mgeni. Alikuwa mtu wa namna hiyo.

"Na kitunguu umekuja," alisema. Sauti ilikuwa imekwisha, unasikia pumzi tu.

"Shikamoo baba," nikasema.

"Marahaba, mwanangu."

"Shikamoo baba," Marieta naye akasema.

"Marahaba, Marieta."

Alipumzika. Nilidhani amelala. Marieta akamwambia asiongee, apumzike, lakini mzee alikuwa na habari yake na alitaka kuitoa.

"Nilipoanguka nilipiga kelele," alisema. "Nikapiga, nikapiga, mpaka sauti ikakatika. Kule chini mtu hasikii. Nikasema, basi, Akonaay, ni leo." Akavuta pumzi. "Asubuhi nikasikia simu. Iko pale pale dirishani, juu yangu. Inalia. Nikajua ndiyo nyie. Max. Halafu ikanyamaza kidogo, nikajua hapo ni Herman. Halafu wewe. Halafu Gerald."

Marieta alikuwa ameshika ukingo wa kitanda.

"Nikafurahi sana. Nikasema, sasa nipumzike, sina haja ya kelele. Watoto wangu wataona sijaitikia. Huyu Max akiona tu sijaitikia atatuma ile pikipiki yake." Kitu kama kicheko kilimpita, kikaishia kwenye kikohozi, na tulisubiri mpaka kikaisha. "Nikawa nasikiliza pikipiki. Jua likapanda, likashuka. Kesho yake ikalia tena. Nikasema, wako njiani hawa, wangekuwa wamenisahau wangenyamaza."

Akageuza kichwa kumtazama binti yake, kadiri macho yale yalivyoweza kuona.

"Mlikwama njiani?"

Ilikuwa Julai. Mvua haikuwa imenyesha tangu Mei, na vumbi la barabara lilikuwa bado kwenye nyusi zetu sote wawili.

"Ndiyo baba," Marieta akasema. "Tulikwama."

"Nilijua," mzee alisema. Akatoa mkono chini ya blanketi, akatafuta mpaka akapata mkono wa Marieta juu ya kile chuma cha kitanda, akaufunika kwa wake. "Poleni sana, mwanangu. Poleni na safari."

Ukipewa pole na baba yako huwezi kukaa kimya.

"Tumeshapoa, baba," Marieta aliitikia.